Tupeane uzoefu: ulianzaje kulielewa shairi la vina na mizani?

Wadau wa kusini habari zenu. Naomba kila mtu aseme shairi la kimapokeo lilimwingia vipi kichwani, maana vijana wengi wanakariri tu vina (silabi za kufanana mwishoni mwa vipande vya mstari) na mizani (hesabu ya silabi za mstari) wajibie mtihani, ukimwambia atunge hata ubeti mmoja anakutolea macho, na inaniuma sana. Mimi nimesoma hapa Mtwara, mwalimu wetu wa Kiswahili alitukataza kuhesabu herufi, tulikua tunapiga makofi, kila kofi mizani moja. Siku hiyo akaandika ubaoni

Mkorosho umezaa, mbegu zipo mchangani

Darasa zima likavurugana, mkorosho makofi manne (m-ko-ro-sho) halafu mbegu mawili tu, mbe-gu, na zote zinaanza na m! Akasema sikilizeni midomo yenu, m ya mkorosho inasimama yenyewe, ya mbegu imeng'ang'aniana na b. Nane huku nane kule, jumla 16. Haya karibuni.

Mdau, Masasi:
Sisi ilikua kughani mkuu, yaani kusoma shairi kwa sauti ya kuimba. Babu alikua anaghani jioni barazani, kina cha kati (kile cha katikati ya mstari) kikikosekana unasikia kabisa sauti imejikwaa, hata kama hujui kina ni nini.

Mdau, Lindi mjini:
Shikamooni wakubwa. Mi nashauri mtu aanze na utenzi, mishororo (mistari yake) ni mifupi mizani 8 tu, mitatu ya mwanzo inafanana kina, wa nne una kina chake na hicho ndo kinarudi kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi hata ukiwa na mamia ya beti. Na kwetu Lindi upo, Abdul Karim bin Jamaliddini aliitungia utenzi Vita vya Maji Maji, yaani unasoma habari za babu zako wa 1905 huku sikio linazoea lenyewe, kwanini watoto wetu wasianzie hapo jamani?

Mdau, Nachingwea:
Dada umenena. Kwenye kutunga mimi naanza na kibwagizo, ule mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kwasababu ndo umebeba ujumbe, nikishauridhia ndo napanda juu kutafuta mitatu mingine. Na vina chagua vyepesi, ka, ni, wa, maneno yapo tele, ukijifunga na kina kama pwe ubeti wa pili tu umekwama.