Thief ya 2014: nani aliwaruhusu kumfunga Garrett miguu?

Wandugu, nimeimaliza jana saa nane za usiku, na usingizi umekataa kwa hasira. Ni mchezo wa video wa zamani, ule wa mwizi Garrett, sawa, lakini mimi nimeupata mwezi huu. Giga 20 hivi, nimezipakua siku tano, kila umeme uliporudi hapa Katuba. Mega zote za nyumbani zimeishia humo.

Mshale wa kamba, jamani! Katika Thief ya kwanza, ile ya studio ya Looking Glass ya 1998, ukiona mbao juu, iwe boriti au sakafu ya ghorofa, unarusha, kamba inashuka, unapanda. Njia ulijitengenezea mwenyewe. Humu mshale unashika tu penye boriti iliyokwisha kuzungushiwa kamba. Boriti ya jirani, mbao ile ile, inakataa. Sasa huo ni wizi gani wa kuonyeshwa mlango? Hata kuruka unaruka pale tu walipopanga watengenezaji. Unakuta kijiukuta cha kiunoni, na mwizi hodari wa mji mzima anakitazama tu.

Kinachoniuma zaidi ni sauti. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenifundisha Thief II, ya 2000, kwenye kompyuta yake ya zamani. Alizima taa, akanivisha kaske, vile visikilizio, masikioni. Nikikanyaga vigae ananigonga begani: "Tafuta zulia!" Kwenye zulia mguu haulii, kwenye chuma unaita walinzi wote. Nilijifunza kukaa gizani nyuma ya mlango nikisikiliza soli za mlinzi, anakuja au anakwenda. Katika hii mpya mlinzi wa ghorofa ya juu anasikika kama yuko mgongoni mwangu. Nimejificha mara ngapi bure! Na Stephen Russell, sauti ya Garrett katika michezo yote mitatu ya mwanzo, wamemwacha.

Ile Focus, uwezo wa Garrett wa kung'arisha vitu kwa bluu, unaweza kuizima, hilo nawapa. Na giza la mitaa yao ni zuri kweli, ukungu, mawe yenye maji. Ndiyo maana nina hasira: mji kama ule, halafu unatembezwa kama mgeni aliyeshikwa mkono.

Yaya sasa anafanya kazi Kolwezi. Ameniuliza kama mwanawe aanze na hii. Nimemwambia asubiri, nitamnunulia ile ya 2000, na kaske nitaileta mwenyewe.