MJADALA: Sigurd Ibsen alibebwa na jina la baba yake?

Wakuu, kuna hoja inarudiwarudiwa kwamba Sigurd Ibsen, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Norway mjini Stockholm mwaka 1903 hadi 1905 (Norway ilikuwa na waziri mkuu mmoja nyumbani, na mwingine kwa mfalme huko Sweden), asingefika popote kama si kuwa mtoto wa Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia. Kwa kifupi wanasema kabebwa. Mimi napinga, ingawa si yote.

Nianze na ninachokubali. Jina lilikuwa zito. Baba anajulikana Ulaya nzima. Halafu mwaka 1892 Sigurd anamwoa Bergliot, binti wa Bjørnstjerne Bjørnson, mzee aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Norway na kuja kupata Nobel ya fasihi mwaka 1903. Mtu mwenye baba na mkwe wa namna hiyo akibisha hodi, hakuna anayeuliza "nani wewe?"

Sasa tazameni alivyopokelewa kwao. Kazaliwa Desemba 1859, kaondoka nchini ana miaka 4 kuelekea Italia, kasomea Dresden na Munich. Alipotaka kuingia chuo kikuu cha nyumbani akawekewa ngumu: masomo ya Ujerumani hayatoshi, kafanye kwanza mitihani ya hapa. Mzee Ibsen alichemka kweli kweli. Kijana akarudi Roma, akachukua udaktari wa sheria mwaka 1882, hata miaka 23 hajafikisha. Miaka ya 1890 ikaja habari ya uprofesa wa sosholojia hapo hapo Christiania (Oslo ya leo). Akatoa mihadhara ya kupimwa, kiti hakupewa. Kama hiyo ndiyo mbeleko, basi ilikuwa imetoboka.

Kuna mkuu atasema: "Lakini ubalozi je? Nani alimwingiza?" Swali zuri, na hapa ndipo penye nyama. Norway wakati ule ilikuwa na mfalme mmoja na Sweden tangu 1814. Bunge lake ilikuwa nalo, serikali ilikuwa nayo, lakini mambo ya nje yaliendeshwa na waziri wa Sweden. Chukulia nahodha wa Bergen, Norway, amekwama bandari ya mbali, mzigo umezuiwa, mabaharia wanadai. Anakwenda kwa konsuli, yaani mwakilishi wa serikali anayesaidia raia na biashara nchi za nje, na bosi wa konsuli huyo yuko Stockholm. Na hii ni nchi iliyokuwa na mojawapo ya kundi kubwa kabisa la meli za biashara duniani! Ugomvi wa Norway kutaka makonsuli wake yenyewe haukuwa wa bendera tu, ulikuwa wa tumbo.

Sigurd aliingia katika utumishi huo huo wa kibalozi, wa pamoja wa Sweden na Norway, akakaa Washington na Vienna, akauona kwa ndani, akaacha kazi. Akashika kalamu kuukosoa muungano. Mwaka 1899 serikali ya Norway ilipomkabidhi kitengo cha mambo ya nje, ilimchukua mtu anayejua mashine inavyozunguka. Watu wa aina hiyo Norway ilikuwa nao wachache, kwa sababu hiyo hiyo kwamba wizara haikuwa yao. Yeye ndiye aliyekwenda kujadiliana na Sweden kuhusu makonsuli tofauti. Tamthilia za baba zingemsaidia nini mezani pale?

Udhaifu wake siufichi. Alipenda ukubwa, na kule kukulia nje kulimfanya aonekane mgeni kwa watu aliowapigania. Hilo nalo ni tunda la baba, maana ni mzee aliyemhamisha, na mwenyewe hakurudi kuishi nyumbani hadi 1891.

Anayesema kabebwa anieleze na hili. Machi 1905 serikali ya Hagerup, waziri mkuu wa nyumbani, ikaanguka, Sigurd akatoka nayo. Michelsen akaunda mpya, na Stockholm, kwenye nafasi ya Sigurd, akapelekwa Jørgen Løvland. Tarehe 7 Juni muungano ukavunjwa. Agosti wananchi wakapiga kura: 368,208 walikubali, 184 walikataa. Wizara ya mambo ya nje ikazaliwa, na waziri wake wa kwanza akawa Løvland huyo huyo. Mzee Ibsen alikuwa bado hai, alifariki Mei 1906. Jina lilikuwepo, kazi ya miaka ilikuwepo, kiti akakalia mwingine. Karibuni, leteni hoja.