Sahani ya kusagia kioo cha darubini: jasi, simenti au kioo kwa kioo?

NyotaTemeke: Wakuu, nimepata duara la kioo nene la milimita 150, nataka kulisaga liwe kioo cha darubini chenye fokasi (umbali toka kioo hadi mwanga unapokutana) ya milimita 1200. Kina cha bonde la katikati ni milimita 1.2 hivi tu, lakini kwa mkono ni kazi. Nimekwama kwenye sahani ya kusagia, lile duara la kusugulia kioo huku unga wa kusagia ukiwa katikati yao. Nitumie duara la pili la kioo, au nimwage jasi nibandike vipande vya marumaru, au simenti na marumaru hizohizo?

FundiGerezani: Kioo kwa kioo ndiyo njia ya wazee, na inafanya kazi vizuri. Ila ukibahatika kupata kioo nene cha pili hapa mjini, mkuu, usikimalize kwa kusagia. Kitunze kiwe darubini ya pili.

MwanaKigamboni: Jasi ilinitoa machozi. Niliimwaga Jumamosi, ikashika ndani ya nusu saa, nikabandika marumaru kwa gundi ya epoksi siku hiyohiyo. Jasi ilikuwa bado mbichi, wala sikuipaka kitu. Unga wa kusagia namba 80 (namba ndogo, punje kubwa) ukaenda vizuri, 120, 220. Nafika 320, nasikia kwaruuu! Nilipoosha kioo na kukielekeza dirishani, mkwaruzo mmoja ulitoka ukingoni hadi karibu na katikati. Punje ya 80 ilikuwa imezama kwenye jasi iliyolainika kwa maji, ikachomoka. Nikarudi 120. Safari ya pili niliianika wiki nzima, nikaipaka epoksi pande zote, hadi ndani ya mifereji kati ya marumaru. Kila nikibadili namba naisugua kwa mswaki na sabuni. Haijakwaruza tena.

DadaKimara: Pole sana kaka. Ndiyo maana mimi nipo na simenti, hailainiki kwa maji. Lakini iwe simenti tupu, mchanga ukiwemo punje zake zitachomoka vilevile. Na uwe na subira: yangu ilikaa wiki nne chini ya gunia bichi.

NyotaTemeke: Wiki nne siziwezi, naenda na jasi. Marumaru za aina gani?

MwanaKigamboni: Porselini. Zile laini za ukutani zinaisha haraka. Omba mabaki kwa mafundi, kata vipande vya sentimita 2 hivi, vitazame upande wa kioo. Kitovu cha kipande kisiangukie katikati kabisa ya sahani, wala mfereji usipite hapo, la sivyo utachora duara katikati ya kioo. Sogeza mpangilio kidogo pembeni.

DadaKimara: Na ukingo wa kioo chenyewe uchonge mshazari kwa jiwe la kunolea kabla ya kuanza, ukiwa na maji. Ukingo mkali unameguka, na kile kibanzi kikiingia kati ni mkwaruzo mwingine.

NyotaTemeke: Asanteni sana. Kesho naanza na jiwe, jioni namwaga jasi.