Land Rover ya mzee inatoa harufu ya waya kuungua, naomba ushauri

Wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Jinja, nina Land Rover Series III ya 1976 niliyoachiwa na mzee. Juzi usiku nimewasha taa kubwa, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Nikachomoa betri mbio! Kumbe waya umesuguliwa na bati pale unapopenya kutoka kwenye injini, mpira wa tundu ulishaoza, shaba iko nje. Na waya huo wa taa haupiti kwenye fyuzi yoyote.

Fundi mmoja anataka kuzungushia selotepu tu. Sikubali. Nafikiria relei mbili (swichi za umeme zinazobeba mzigo wa taa), kila moja na fyuzi ya 15A, pamoja na swichi ya kukata betri. Yatosha, au nibadilishe waya zote?