Naomba ushauri: Jozani kwa baskeli na mtoto, niende bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo)?

Assalam aleikum jamani, mwanangu wa miaka 8 kanikaba tangu Idi anataka kuona kima punju kule msitu wa Jozani na mimi gari sina, nnayo baskeli tu ile nzito ya Kichina, na yeye atakaa kwenye karia nimfungie mto. Toka Mjini ni kilomita 35 hivi kwa njia ya Tunguu.

Kima hawanipi shida, wale wapo tu. Shida yangu mikoko, ile njia ya mbao ya kijiji cha Pete, hapo karibu na msitu, nataka tuikute maji yamejaa, mwaka jana nilikwenda yamekupwa tukaona mizizi na matope na vile vikaa vyenye gando moja kubwa vinakupungia kama vinakwita (vizuri lakini, sikatai).

Sasa hesabu ndo inanitatiza, siku za bamvua maji yanajaa saa kumi jioni, tukitoka pale magharibi itatukuta njiani na baskeli yangu taa haina na zile gari za shamba mnazijua zinavokwenda. Nikienda maji mafu yanajaa saa nne saa tano asubuhi, muda mzuri kabisa, ila sijui kama yanafika mpaka kwenye mikoko ya ndani au ntaona matope tena?

Na dala za Makunduchi wanakubali kupakia baskeli juu wakati wa kurudi, au ndo mpaka ubembeleze? Tairi la nyuma lina viraka vitatu.