Mashine kongwe za kukodisha filamu: zifufuliwe, zisagwe, na kumbukumbu zilizomo ndani ni za nani?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo limenikaa kichwani muda mrefu, na ninaomba tulijadili kwa hoja.

Mwezi Julai 2024 kesi ya kufilisika ya kampuni iliyokuwa ikimiliki Redbox, iliyokuwa mbele ya mahakama ya Delaware, Marekani, iligeuzwa kuwa ya kuuza kila kitu na kulipa wadai. Redbox ndizo zile mashine nyekundu zilizosimama milangoni mwa maduka ya dawa, supamaketi na vituo vya mafuta. Unagusa skrini, unapitisha kadi, DVD inatoka. Zilianza mwaka 2002 kama mradi wa McDonald's, kukodi kwa usiku mmoja kulikuwa dola 1, na enzi za neema zilizidi 40,000. Kampuni inakufa, zilikuwa zimebaki kama 24,000, zimekazwa kwa boliti kwenye sakafu za watu, nyingi zikiendelea kula umeme wa mwenye duka.

Tangu hapo wamejitokeza watu wanaoziomba kwa wenye maduka, wanazipeleka gereji na kuzifufua. Wengine wamerudi nyuma zaidi, kwenye mashine za kaseti za VHS za miaka ya 1980 na 1990 kama zile za Italia na Ufaransa. Upande wa pili wapo wanaosema zisagwe ziishe. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo mimi naliogopa zaidi kwa sababu hoja yake ni ya kweli: ndani ya mashine hizi mmelala majina ya watu na filamu walizokodi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Zifufuliwe, na zifanye kazi kweli, mkono wa ndani uzunguke na diski itoke. Lakini diski kuu ya kompyuta itolewe kabla waya wa umeme haujachomekwa, na kumbukumbu za wateja ziteketezwe. Asiyeweza la pili asianze la kwanza.

Kwa nini nazitetea? Kwa sababu mashine hii ni ushahidi wa haki ambayo watu wameanza kuisahau. Kwa sheria ya Marekani, ukinunua DVD halali, diski hiyo ni yako: unaweza kuiuza, kuigawa, hata kuikodisha bila kumwomba mtengeneza filamu ruhusa. Redbox ilijengwa juu ya msingi huo. Studio zilipojaribu kuinyima diski mpya, iliwapeleka mahakamani, Universal mwaka 2008, kisha Fox na Warner mwaka 2009. Ugomvi na Warner uliisha mwaka 2010 kwa mapatano: Redbox isubiri siku 28 baada ya filamu kuanza kuuzwa. Studio haikuwa na uwezo wa kusema "usikodishe kabisa". Leo filamu ya kwenye intaneti inaondolewa usiku na asubuhi huna pa kulalamika, kwani hukuwahi kuimiliki. Chuma kile chekundu kinamweleza kijana jambo hilo haraka kuliko somo la darasani.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, umeandika vizuri lakini mimi sikubali. Mashine moja ina uzito wa karibu kilo 400. Inahitaji gari, watu, nafasi, umeme. Na si kitu adimu: zilibaki 24,000! Makumbusho yachukue chache, zilizobaki ziende kwa wanaochambua vyuma, shaba na bodi za kompyuta. Kuokoa kila kitu ni sawa na kutookoa kitu, maana nguvu inatawanyika. Hiyo haki ya diski uliyoitaja imo ndani ya sheria, haimo ndani ya bati.

FUNDI

Nimefanya kazi na mashine za kuuzia vitu kwa miaka mingi, nami nataka kusema kitu ambacho wanaozungumzia kusaga hawakioni.

Ukifungua ile nyekundu unakuta gurudumu kubwa la wima lenye vijumba vingi vyembamba, kila kijumba na diski yake ndani ya kasha. Mashine inabeba zaidi ya diski 600. Gurudumu linazunguka, mkono unapanda na kushuka, unachomoa kasha, kamera inasoma alama iliyobandikwa kuhakikisha ni filamu uliyoitaka, ndipo linasukumwa nje kwako. Ukirudisha, safari ni ileile kinyumenyume. Kazi hiyo yote inategemea vipimo vya milimita. DVD yenyewe ina unene wa milimita 1.2 tu, na kasha lake ni jembamba. Gurudumu likipotea kidogo, mkono unagonga ukingo na kila kitu kinasimama.

Sasa, mashine iliyokaa bila kuzunguka inaharibika kimyakimya. Grisi inakuwa kama nta. Mikanda ya mpira inakakamaa na kupasuka. Betri ndogo ya kwenye bodi inakufa, kompyuta inasahau saa na mipangilio. Kapasita, vile vipande vidogo vya kwenye bodi vinavyotunza chaji, zinavimba. Hizo za nje ya jengo zina mfumo wa kupoza hewa, nao ukifa joto linaimaliza skrini. Kwa hiyo anayesema "tuweke kumi makumbusho" anapaswa kujua kwamba kumi zisizozungushwa, baada ya miaka 20 zitakuwa makabati mekundu. Na ili kumi zizunguke unahitaji vipuri vya mashine mia. Hakuna kiwanda kinachotoa mkono ule leo. Ukisaga zote kwa pupa umesaga stoo ya vipuri.

Za kaseti zina ugonjwa wao mwingine. Mashine za enzi ile mara nyingi zimehifadhi programu kwenye chipu zinazofutwa kwa mwanga wa urujuanimno, zile zenye kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa stika. Chaji iliyomo inavuja kadiri miaka inavyopita. Stika ikibanduka na jua likaingia, ndiyo inaisha mapema. Kwa mashine ya namna hiyo jambo la kwanza kabisa ni kunakili chipu. Hata kabla ya kufuta vumbi. Nimeona mtu aking'arisha bati la mashine wiki nzima, amepaka rangi mpya, amebadili taa, halafu akagundua programu imeshapotea. Aliishia kuwa na sanduku zuri.

Kuhusu kutoa diski kuu kwanza nakubaliana na mleta mada, tena kwa sababu ya kiufundi: diski kongwe ukiiwasha unaweza kuwa unaiwasha kwa mara ya mwisho. Itoe, nakili kila kitu kwa kifaa kisichoweza kuandika juu yake, ndipo uendelee.

MTUNZA NYARAKA

Hapo ndipo naomba niingie, kwa sababu naona mnataka kuchoma kitu msichokipima.

Mashine ya kukodisha filamu bila kumbukumbu zake ni nusu ya mashine. Saa ngapi watu walikodi, walirudisha baada ya siku ngapi, filamu ipi iligombewa na ipi ilikaa kijumbani haiguswi, hayo ndiyo maisha yake. Mwanahistoria wa miaka 100 ijayo atawalaani waliofuta. Daftari za wafanyabiashara wa kale nazo zina majina ya watu na madeni yao, na leo tunazisoma kwa shukrani. Zifungwe kwa miaka mingi, sawa. Zisiteketezwe.

MLETA MADA

Mtunza nyaraka, hoja yako ina mashiko, na sitaikwepa.

Wale wa kwenye daftari za kale wamekufa. Aliyekodi filamu mwaka 2015 yuko hai na anuani yake ya barua pepe bado inafanya kazi. Mwaka 2024 wachunguzi walifungua nakala ya diski kuu ya mashine moja wakakuta barua pepe za wateja, namba za posta za maeneo yao na orodha ya walichokodi. Hawakuhitaji ujanja mkubwa. Mashine ilikuwa imewekwa mbele ya duka na siri za majirani ndani yake, na kampuni yenye wajibu wa kuzilinda haipo tena.

Marekani hili si jambo la adabu tu, lina sheria, na kisa cha sheria hiyo kinafaa kukumbukwa. Mwaka 1987 Robert Bork alipendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Gazeti moja la Washington likapata orodha ya kaseti 146 ambazo familia yake ilikodi, likaichapisha. Hakukuwa na aibu yoyote ndani yake, filamu za kawaida kabisa. Lakini wabunge wa pande zote walishtuka, kila mmoja akiwazia orodha yake mwenyewe. Mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kulinda siri za wakodi wa video. Inamkataza mkodishaji kutoa habari hizo, na inataka ziharibiwe mapema iwezekanavyo, kabla mwaka haujaisha tangu zikose kazi. Mtu aliyedhurika anaweza kudai fidia isiyopungua dola 2,500.

Kwa hiyo unachoita kuteketeza ni kutimiza wajibu ambao kampuni iliyokufa iliuacha nyuma. Nani atakayezifunga hizo kumbukumbu kwa miaka 100? Mtu wa gereji aliyepewa mashine na meneja wa duka? Mimi nawaamini wapenzi wa mashine, ni watu wangu, lakini wateja hawakuwakabidhi wao barua pepe zao. Hawakuombwa.

MTUNZA NYARAKA

Nimekuelewa, na kwa walio hai ninakubali. Ila niulize jambo moja ambalo hujalijibu. Fundi amesema anakili diski yote kwanza. Mtu huyohuyo basi ameshika nakala kamili ya siri hizo, tena mpya na yenye afya kuliko ile ya mwanzo. Kufuta kwenye mashine huku nakala iko kwenye kabati lake kuna faida gani?

MCHANGIAJI MWINGINE (mambo ya sheria)

Kabla hamjafika huko, mnaruka swali la umiliki. Meneja wa duka hakuwa mwenye mashine. Mali ya kampuni iliyofilisika iko mikononi mwa mfilisi aliyeteuliwa na mahakama hadi aiuze au aiachilie rasmi. Kung'oa mashine usiku na kupiga picha nayo ni wizi, hata kama haina wa kuililia. Waliofuata njia waliomba kwa maandishi, na maduka mengi yalifurahi kupunguziwa mzigo.

Pili, ukimiliki chuma hujamiliki programu. Hakimiliki ya programu haikufa na kampuni. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kwenye kifaa chako, isipokuwa kwa ruhusa maalumu zinazopitiwa kila baada ya miaka 3. Oktoba 2024 walioomba waruhusiwe kutengeneza mashine za kibiashara kwa ujumla walikataliwa. Ruhusa ikatolewa kwa vifaa vya kuandaa chakula vya madukani, zikiwemo mashine za aiskrimu ambazo McDonald's wamesumbuka nazo miaka mingi. Yaani mashine ya aiskrimu imeokoka, na mashine ya filamu iliyoasisiwa na kampuni ileile imebaki nje. Hilo linaniuma. Kama mnataka pa kupigania, piganieni hapo.

FUNDI

Nimjibu mtunza nyaraka, maana swali lake limenigusa mimi moja kwa moja.

Ni kweli. Nakala yangu ni hatari ileile. Ninachofanya sasa, baada ya kufikiria sana, ni hiki: nanakili kwenye kompyuta isiyo na mtandao, natenga mafaili ya programu na vipimo vya mkono na gurudumu, ambavyo kila mashine ina vyake na ukivipoteza utahangaika miezi. Kisha nakala nzima naifuta siku hiyohiyo, na diski ya zamani naitoboa kwa drili. Mashine inapata diski mpya, programu yake, na orodha ya wateja tupu. Kompyuta inaamka ikidhani haijawahi kukodisha chochote. Kadi haisomwi kabisa: kisomaji nakitoa, kwa sababu hakuna seva ya kujibu na hakuna sababu ya kukusanya namba ya mtu yeyote tena.

Je, siku hiyo moja naziona? Naona majina ya mafaili. Sifungui. Najua mnategemea neno langu tu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimesoma yote. Kwenye vipuri fundi amenishinda, nakubali: msisage mpaka mikono, mota na visomaji vitolewe. Lakini hapo mwisho amesema mwenyewe kwamba tunategemea neno lake. Mimi nataka diski kuu itolewe dukani, mbele ya meneja, na itobolewe palepale kabla mashine haijapakiwa kwenye gari. Programu ikipotea, ipotee.

MLETA MADA

Mkuu, wewe na mimi tumesogeleana kuliko nilivyotarajia, na bado siwezi kufika hapo ulipo. Ukitoboa diski zote dukani, mashine zote zinapoteza programu, na fundi ameshatueleza sanduku zuri lisilofanya kazi ni nini. Programu ni ileile kwa maelfu ya mashine. Inatosha inakiliwe na kusafishwa mara moja, na mashahidi wawili wakiwepo, kisha nakala hiyo safi itumike kote. Vile vipimo vya mkono na gurudumu vipimwe upya kwa mkono, hata kama ni miezi. Diski nyingine zote zitobolewe dukani kama unavyotaka.

Fundi, kwa utaratibu huo kazi yako inakuwa ngumu zaidi. Je, utaikubali?

FUNDI

Vipimo vipya kwa kila mashine ni kazi kubwa. Gurudumu peke yake linanila siku mbili, na bado mkono. Lakini ndiyo. Nileteeni ya kwanza bila diski kuu.