Mama kamaliza Jumong mara ya pili, nimwekee kazi gani nyingine ya Song Il-gook?

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, mama yangu miguu inamsumbua siku hizi hatoki sana, nikamletea Jumong, ile tamthilia ya Kikorea ambayo Song Il-gook ndiye Jumong mwenyewe, kwenye fleshi, episodi zote 81 tukamaliza, ikabidi turudie toka mwanzo, mimi namsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili yeye anachambua mchele. Juzi tumefika pale Soseono, mke wa Jumong, anaaga anaondoka na wanawe kwenda kusini, mama kaweka ungo chini analia kabisa, akaniuliza huyu kijana hajacheza nyingine nimwone tena? Nataka kazi ya steringi yule yule, ila naogopa kumwekea kitu kitakachomharibia Jumong wake. Nianze na ipi?

Fundi_Saa: Pole kwa kuuguza mkuu. Mpe Kingdom of the Winds ya kituo cha KBS, 2008, episodi 36. Humo anacheza Muhyul, mjukuu wa Jumong! Yaani mtu kamcheza babu, haijapita miaka miwili anarudi kumcheza mjukuu. Mama atajiona bado yuko Goguryeo ile ile, ufalme wa Jumong.

Binti_Mzizima: Mi napingana na Fundi. Emperor of the Sea ya 2004 ndio iliyomtoa, na ukiiona ndio unaelewa kwa nini kituo cha MBC walimpa Jumong na 2006 akabeba tuzo yao kubwa. Ila humo sio steringi, ni Yeom Jang, yuko upande wa adui wa Jang Bo-go, steringi wa humo, na anampenda mwanamke ambaye moyo wake uko kwa Jang Bo-go. Haongei sana, anaangalia tu, na yale macho yanakuumiza mpaka unamhurumia adui.

Fundi_Saa: Dada hapo mama atalia zaidi, anaumwa jamani.

Mzee_wa_Jukwaa: Mnamsahau wa jukwaani. 2010 alipanda jukwaani kumcheza Ahn Jung-geun, yule Mkorea aliyempiga risasi kiongozi wa Japani Ito Hirobumi kule Harbin, China, 1909, na kwake hiyo haikuwa hadithi ya mbali maana baba wa babu yake mzaa mama ni jenerali Kim Jwa-jin, aliyepigana na Wajapani Cheongsanri 1920. Halafu 2016 akaingia kwenye 42nd Street, mchezo wa kuimba na kucheza, yeye ni Julian Marsh, mwongozaji mkali. Mtu aliyezoeleka juu ya farasi na upinde kukubali kuanza upya pale, mi namheshimu sana kwa hilo. Kwa mama mwekee Jang Yeong-sil, 2016 hiyo hiyo, mtoto wa hali ya chini anakuja kuwa mwanasayansi wa mfalme Sejong, vita kidogo, akili nyingi.

Binti_Mzizima: Na mwonyeshe vipande vya The Return of Superman, kipindi cha akina baba wakilea watoto wao, Song Il-gook ana mapacha watatu wa kiume wa 2012, Daehan, Minguk na Manse. Ukiyaunganisha majina ni kama kusema Korea idumu.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Nimeanza na hao watoto. Mama kashika simu mwenyewe kaisogeza karibu na uso, anawahesabu, kamwona baba yao anavyohangaika nao akasema, "Jumong kapata wake sasa." Muhyul tunaanza leo usiku baada ya kula. Yeom Jang nitasubiri miguu ipate nafuu kwanza.